Mpiga Kura Anapovunjika Moyo

Kwa nini wananchi humchoka kiongozi waliyemshangilia wao wenyewe? Kenya inatupa mfano.

Tarehe 27 Desemba 2002 Wakenya walimchagua Mwai Kibaki wa muungano wa NARC kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Waliahidiwa elimu ya msingi bila malipo, vita dhidi ya ufisadi, na katiba mpya ndani ya siku 100.

Ahadi ya elimu ilitimizwa Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka shuleni. Lakini siku 100 zilipita bila katiba. Viongozi wa muungano waligombania madaraka, na mwaka 2004 ikafichuka kashfa ya Anglo Leasing.

Hata hivyo, waliokata tamaa hawakutupa kadi zao za kura. Katika kura ya maoni ya 21 Novemba 2005, asilimia 58 walikataa rasimu ya katiba iliyoungwa mkono na Rais. Katiba mpya ilipatikana Agosti 2010, baada ya machafuko ya 2007 na 2008.

Kwa kamati za parokia, fundisho ni hili: andikeni ahadi za mgombea na muda aliojiwekea, kisha muda ukifika mkutane na kumwuliza. Nanyi wafadhili wetu, elimu ya uraia inahitaji msaada wenu hata miaka isiyo ya uchaguzi. Ndipo moyo wa mpiga kura huvunjika.