Mwaka Mrefu Katika Hesabu za Chama

Vyama vingi vya msingi sasa vinatunza hesabu zao kwa kompyuta. Kompyuta haina akili ya kutambua kosa la aliyeiagiza. Ikifundishwa vibaya, itakosea kwa haraka na bila kuona haya. Mojawapo ya makosa hayo ni kutotambua mwaka mrefu, yaani mwaka wenye siku 366.

Tuchukulie chama cha wakulima wa viungo huko Matombo. Mwanachama alikopa shilingi 3,660,000 tarehe 1 Februari 2024 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, akalipa tarehe 1 Machi. Mkataba wasema riba ihesabiwe kwa siku halisi za mwaka. Riba ya siku moja ni shilingi 1,000, na siku ni 29. Jumla shilingi 29,000. Programu iliyodhani Februari ina siku 28 na mwaka una siku 365 itatoa shilingi 28,077. Pengo ni shilingi 923 tu, lakini kwa wakopaji 40 wenye mikopo sawa linazidi shilingi 36,900. Hapo ndipo katibu mwaminifu huanza kunyoshewa kidole katika mkutano mkuu.

Asili ya jambo hili ni kwamba dunia hulizunguka jua kwa siku 365, saa 5 na dakika 49 hivi. Mwaka wa nairuzi wa watu wa Pwani, ambao sherehe yake ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, ulihesabiwa siku 365 bila nyongeza, nao ukawa unarudi nyuma ya majira kiasi cha siku moja kila miaka minne. Kalenda ya Julius Caesar iliongeza siku moja kila mwaka wa nne. Lakini nyongeza hiyo ilizidi kidogo, kwa siku tatu hivi katika miaka 400. Mwaka 1582 Papa Gregory wa Kumi na Tatu aliirekebisha, na kanuni yake ndiyo itumikayo leo.

Sehemu ya programu inayopima mwaka inahitaji hatua nne tu, kwa utaratibu huu:

1. Gawanya mwaka kwa 400. Pasipo baki, jibu ni MREFU, ishia hapo.
2. Kama kuna baki, gawanya mwaka kwa 100. Pasipo baki, jibu ni MFUPI, ishia hapo.
3. Kama kuna baki, gawanya mwaka kwa 4. Pasipo baki, jibu ni MREFU, ishia hapo.
4. Vinginevyo, jibu ni MFUPI.

Utaratibu usipinduliwe. Hatua ya tatu ikitangulia, mwaka 1900 utaitwa mrefu, nao ulikuwa mfupi. Hatua ya kwanza ikiachwa, mwaka 2000 utaitwa mfupi, na mwanachama aliyezaliwa tarehe 29 Februari 2000 ataambiwa kuwa siku yake ya kuzaliwa haikuwapo.

Kabla ya kuipokea programu yoyote, katibu aijaribu kwa miaka mitano: 1900, 2000, 2023, 2024 na 2100. Majibu sahihi ni mfupi, mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Jibu moja likikosewa, programu irudishwe kwa mtengenezaji. Mwaka mrefu unaofuata ule wa 2024 ni 2028. Heri kupima mapema kuliko kueleza pengo mbele ya wanachama.