MSALABA ULIOPINDA NDANI YA DARUBINI YA KUPIMIA



Wengi wetu tumechimba mifereji na kujenga misingi kwa kufuata neno la mtu anayechungulia katika darubini. Yeye husema "juu kidogo", "chini kidogo", nasi twagonga kigingi. Maji yakikataa kwenda, anayelaumiwa ni mchimbaji, na mara nyingine huambiwa arudie kazi bila malipo. Hapa twataka kueleza kwamba darubini nayo hukosea, na kwamba kosa lake laweza kugunduliwa kwa uzi, jiwe na vigingi viwili.

Jambo hili latuhusu sisi wa Mbarara, pamoja na wenzetu wa Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda. Baadaye walikuja watu wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Huko ardhi hugawanywa viwanja, maji ya ziwa husafishwa na kupelekwa kwa mabomba, na shule na zahanati hujengwa. Kazi zote hizo huanza na kipimo, na kibarua ndiye anayekifuata.

Msalaba ni kitu gani?

Ndani ya darubini, karibu na jicho la mtazamaji, mna pete yenye nyuzi mbili nyembamba. Mmoja umesimama wima, mwingine umelala. Zinapokutana ndipo penye kipimo. Mwingereza William Gascoigne, aliyekufa vitani mwaka 1644, aliona uzi wa buibui ulioingia ndani ya darubini yake, akatambua kwamba uzi kama huo waweza kumwonyesha mtu mahali hasa anapolenga. Kwa miaka mingi mafundi walitumia uzi wa buibui kweli. Siku hizi msalaba huchorwa juu ya kioo. Darubini ya bunduki ya mwindaji ina msalaba wa namna hiyo hiyo, nao ukipinda, risasi ya mbali huenda kando.

Kasoro ni mbili. Ya kwanza ni kupinda: pete imezunguka, nyuzi zimelala upande. Ya pili ni kuhama: nyuzi zimenyooka, lakini pete imepanda au kushuka, hata macho ya darubini hayatazami sawasawa. Zote mbili huletwa na kuanguka kwa chombo, au kutikiswa ndani ya lori katika barabara za vumbi.

Kupima kama umepinda

Tundika jiwe kwa uzi mahali pasipo na upepo, mita 20 au 30 kutoka kwenye darubini. Darubini ikiisha kusawazishwa kwa maji yake, linganisha uzi wa wima na ule wa timazi. Visipolingana, msalaba umepinda. Njia nyingine ni kulenga msumari kwa uzi uliolala, kisha kuizungusha darubini polepole. Msumari hauna budi kubaki juu ya uzi toka mwanzo hata mwisho.

Katika darubini za zamani pete hushikwa na skurubu nne. Fundi hulegeza mbili zilizo jirani, kidogo tu, akaizungusha pete, akakaza, akapima tena. Asilegeze zote nne. Katika darubini nyingi za kisasa kazi hiyo ni ya karakana ya vyombo vya upimaji. Wakati wa kungoja fundi, mpimaji asome penye makutano ya nyuzi tu, kamwe asisome pembeni.

Kupima kama umehama

Piga vigingi viwili, A na B, umbali wa mita 60. Weka darubini katikati kabisa. Tuseme fimbo ya vipimo juu ya A yasoma mita 1.275, na juu ya B mita 1.420. Tofauti ni mita 0.145. Tofauti hiyo ni ya kweli hata kama darubini ni mbovu, kwa sababu umbali ni sawa pande zote mbili na kosa ni lile lile.

Sasa sogeza darubini karibu na A. A yasoma 1.512. Basi B ingepasa kusoma 1.657. Ikisoma 1.681, darubini inadanganya kwa milimita 24.

Je, hizo ni kidogo? Mfereji ukitakiwa kuteremka sentimita 5 katika kila mita 60, na mpimaji akiwa upande wa juu, utateremka sentimita 2.6 tu. Karibu nusu ya mteremko imepotea, na mchimbaji amefuata kigingi barabara! Maji yakilala humo, jembe halina kosa.

Kurekebisha ni kazi ya mpimaji. Yeye hulegeza skurubu ya juu au ya chini kwanza, ndipo akaze ya pili, kidogo kidogo. Akikaza bila kulegeza, aweza kuvunja kioo. Kisha hurudia kipimo cha vigingi.

Tufanye nini?

Wenzetu, hatusemi kibarua afungue chombo cha mwajiri. Asikiguse bila ruhusa. Lakini twaweza kuomba mambo matatu kupitia wajumbe wetu. Kwanza, darubini ipimwe kwa vigingi viwili kabla ya kazi kuanza, na kila mara baada ya kuanguka au kusafirishwa mbali. Pili, vipimo hivyo viandikwe katika daftari mbele ya wafanyakazi. Tatu, aliyechimba kwa kufuata vigingi alivyopewa alipwe kazi yake, na kama kuna kurudia, alipwe tena.

Na anayeshika fimbo ya vipimo aisimamishe wima, maana fimbo iliyoinama husoma zaidi. Tukitaka darubini iseme kweli, na mikono yetu iwe safi katika kazi hiyo.