Matibabu ya bure hulipiwa na nani?

UKITIBIWA katika zahanati ya serikali bila kutozwa hata senti, usidhani kwamba huduma hiyo haina gharama. La hasha! Dawa, glavu, umeme na maji hununuliwa. Pesa zisipotoka mfukoni mwako, sharti zitoke serikalini. Zikichelewa, wewe mgonjwa ndiwe utakayeambiwa ukanunue dawa dukani.

Serikali ya Kenya ilianza kutoza wagonjwa ada mwaka 1989. Mwaka 2004 ada hizo zilipunguzwa hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya. Juni 2013 zikafutwa, na akina mama wakaanza kujifungua bure katika hospitali za umma.

Ili kufidia pengo hilo, serikali kuu ilitoa ruzuku. Hata hivyo, ruzuku hiyo ilipitia kwa kaunti, na mara kwa mara ilichelewa. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2023 iliruhusu vituo vya umma kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia papo hapo.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ndiyo inayosimamia malipo badala ya NHIF. Hapa kuna jambo ambalo huwakanganya wengi. Matibabu ya zahanati na vituo vya afya hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, ambayo pesa zake hutoka serikalini. Kwa hivyo hutakiwi kuchanga, kujiandikisha kunatosha.

Lakini kujifungua na kulazwa hospitalini hulipiwa na hazina ya bima, na hiyo hudai mchango. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hukadiriwa kulingana na mapato yake, na mchango hauwi chini ya Sh300 kwa mwezi. Mama mjamzito aliyejiandikisha tu bila kuchanga anaweza kufika hospitalini akiwa na uchungu, kisha akadaiwa pesa taslimu.

Ufanye nini basi? Kwanza, jiandikishe ukiwa mzima, kwa kupiga *147# kwenye simu yako. Pili, kama kuna mja mzito nyumbani, hakikisheni mchango umelipwa mapema. Tatu, kumbuka kwamba kamati ya kituo chenu huwa na wawakilishi wa wakazi. Ukikosa dawa, waulize: pesa za serikali zimefika? Zimetumiwaje? Hiyo ni kodi yako, na una haki ya kujibiwa.