Mtelezaji mwenyewe ndiye huamsha poromoko la theluji

MKENYA anaposikia kuhusu maporomoko ya theluji katika milima ya Alps barani Ulaya, huenda akayafananisha na maporomoko ya ardhi yanayotukumba humu nchini msimu wa mvua: mlima unalegea, unashuka na kuwafukia watu waliolala majumbani mwao.

Mfano huo hautoshi. Takriban watu 100 huuawa na theluji kila mwaka katika milima hiyo, na wengi wao ni watu waliopanda mlimani kwa hiari yao ili kujiburudisha. Katika visa tisa kati ya 10 vya aina hiyo, poromoko huanzishwa na mwathiriwa mwenyewe au mwenzake.

Mchezo wao ni kuteleza kwa vibao virefu vilivyofungwa miguuni. Wapo wanaofuata njia rasmi, ambazo hukaguliwa na kufungwa kukiwa na hatari. Wengine huziacha njia hizo wakitafuta theluji ambayo haijakanyagwa na mtu. Huko, kila mmoja hujilinda mwenyewe.

Theluji ya mlimani haiwi kitu kimoja. Hulala kwa matabaka, kila dhoruba ikiongeza lake. Baridi kali ikidumu kwa siku nyingi, theluji haba iliyotangulia hugeuka chembe kubwa zisizoshikamana, mithili ya sukari. Kisha dhoruba mpya huja na upepo, na kuweka tabaka zito juu ya msingi huo dhaifu.

Kwa macho, mteremko huo ni shwari na wa kupendeza. Lakini uzani wa mtu mmoja tu waweza kuuvunja msingi huo. Ufa husambaa kwa kasi, na tabaka lote la juu hukatika na kushuka kama sahani iliyoteleza mezani. Maporomoko mengi ya aina hii hutokea penye mwinamo wa nyuzi 30 au zaidi.

Theluji inaposimama, hukaza kama saruji. Aliyefukiwa hawezi hata kuinua mkono. Takwimu za Uswisi zinaonyesha kuwa wanaofukuliwa katika dakika 10 za kwanza huokoka tisa kati ya 10. Inapokaribia nusu saa, wanaookoka ni kama watatu tu. Wengi hufa kwa kukosa hewa.

Hatari hii haibagui cheo. Mnamo Februari 17, 2012, Mwanamfalme Friso wa Uholanzi alifukiwa karibu na Lech, Austria, alipokuwa akiteleza nje ya njia rasmi. Alitolewa baada ya zaidi ya dakika 20, ubongo wake ukiwa umeathirika vibaya kwa kukosa hewa. Alifariki Agosti 2013.

Onyo lilikuwepo. Siku hiyo kiwango cha hatari kilikuwa cha nne katika kipimo cha viwango vitano kinachotumiwa Ulaya tangu 1993. Nchini Uswisi, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutangaza viwango hivyo kila siku wakati wa baridi.

Ajabu ni kwamba vifo vingi hutokea katika kiwango cha tatu, wala si cha tano. Kikiwa cha tano, watu husalia nyumbani. Cha tatu huwapumbaza: wanakiona kuwa cha katikati, ilhali maana yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kuamsha poromoko.

Aidha, siku ya kwanza ya jua baada ya dhoruba huwavuta wengi, nayo ni miongoni mwa siku hatari zaidi. Nyufa zinazochanika mbele ya miguu, au mvumo mzito chini ya theluji, ni ishara ya kurudi nyuma mara moja.

Wataalamu husisitiza kila mmoja abebe kifaa cha kupokea na kutoa mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kumtafutia aliyefukiwa, na sepetu. Pia, penye mteremko wa kutiliwa shaka, wapite mmoja mmoja, wengine wakitazama. Waokoaji wa helikopta aghalabu huchelewa. Anayeweza kukuokoa ni mwenzako aliye karibu.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa mtelezaji wa milimani, kinga ipo: ni kusoma onyo la siku hiyo, na kukubali kurudi nyumbani bila kuteleza.