Tiba ya kukandwa ndani ya maji ya uvuguvugu

Wengi wetu tumezoea kukandwa kwa kitambaa na maji ya moto pale mwili unapouma. Ipo pia tiba ambayo mgonjwa mwenyewe huingia majini. Inaitwa Watsu. Ilianzishwa mwaka 1980 na Mmarekani Harold Dull huko Harbin Hot Springs, California, akiunganisha maji ya chemchemi na ukandaji wa Kijapani uitwao shiatsu.

Mgonjwa huelea chali katika maji yenye joto la nyuzi 35 hivi, karibu sawa na la ngozi. Mkandaji humshika kichwa na mgongo, akimzungusha na kumnyoosha polepole. Kwa kuwa maji hubeba uzito wa mwili, viungo hupumzika. Joto nalo hutanua mishipa ya damu na kulegeza misuli iliyokaza. Maumivu na wasiwasi hupungua. Hata hivyo, hii ni nafuu tu, haichukui nafasi ya matibabu ya hospitali.

Nyumbani, kitambaa na maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 vyatosha. Lakini tahadhari! Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi anaweza kuungua asijue. Maji yapimwe kwa kiwiko na mtu mwingine mwenye afya. Mwenye homa, kidonda kibichi au maradhi ya moyo amuone daktari kwanza. Na mzazi aliyetoka kujifungua asikandwe kwa maji yanayochemka. Kuungua si dawa.