Bondia Aliyewaficha Wazazi Wake

Juma hili tunamzungumzia mwanamke ambaye safari ya maisha yake ilipitia nchini kwetu. Ramla Ali alizaliwa Mogadishu. Vita vilipopamba moto, kaka yake aliyekuwa na umri wa miaka 12 aliuawa na kombora akicheza nje. Wazazi wakakata shauri, wakapanda chombo kilichosheheni watu hadi Kenya, na hatimaye wakapata hifadhi Uingereza.

Maisha mapya yalianza mashariki ya London, katika mitaa ya watu wasio na kitu. Shuleni Ramla alidhihakiwa kwa unene wake. Akaenda kufanya mazoezi apunguze mwili, na huko akakutana na ndondi. Kwa miaka mingi aliwaficha wazazi. Walipogundua wakamkataza, akaacha, kisha akarejea kwa siri. Mwaka 2016 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kutwaa ubingwa wa taifa wa England.

Alipoamua kuiwakilisha Somalia, moyo wa mama ukalainika. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, alikuwa bondia wa kwanza kuipigania nchi hiyo, ingawa alishindwa pambano la kwanza. Mwaka 2022 alishinda Jeddah, katika pambano la kwanza la ndondi za kulipwa kwa wanawake nchini Saudi Arabia. Juni 2023 aliangushwa na Julissa Guzman wa Meksiko. Waliporudiana Novemba, Ramla akashinda kwa pointi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mchezo wa kupigana ngumi za uso una maneno yake kwa maulamaa, nasi hatukusudii kutoa fatwa. Kilichotugusa ni ile siri. Binti alipata mahali pa kujijenga, lakini hakuwa na wa kumweleza. 

Huenda ndiyo sababu Ramla, mwaka 2018, alianzisha mafunzo ya bure kwa wanawake, wakiwemo Waislamu waliotaka kufanya mazoezi kwa stara. Nasi tujiulize, akina mama na akina baba: binti zetu wanapotaka kujenga afya na ujasiri, tumewaandalia mahali gani penye heshima? Na wakija kutueleza, je, tutawasikiliza kabla ya kuwakemea?