Nyama Ngumu Hushindwa kwa Subira

Kila askari anajua kwamba si kila ngome huangushwa kwa shambulio la ghafula. Zipo zinazosalimu amri kwa kuzingirwa tu. Nyama ngumu ya ng'ombe ni ngome ya namna hiyo. Kwa majiko ya kambi na ya vituo vya polisi, nyama ya shingo, ya bega na ya muundi ina faida ya bei nafuu. Lakini ikichochewa moto mkali kwa saa moja hupakuliwa ingali kama soli ya buti, na lawama zote humwangukia mpishi.

Sababu ya ugumu huo ni kolajeni, yaani kitu kinachofunga misuli iliyofanya kazi nyingi. Moto mkali huikaza nyama na kuikamua maji. Moto mdogo wa saa nyingi huyeyusha kolajeni ikawa uteute laini unaozidisha uzito na utamu wa mchuzi.

Watu wa Bourgogne, nchini Ufaransa, walijaliwa ng'ombe na mizabibu, nao ndio wenye mchuzi maarufu uitwao boeuf bourguignon, unaopikwa kwa mvinyo mwekundu. Miongoni mwa walioandika upishi wa nyama kwa namna ya Bourgogne ni Auguste Escoffier, katika kitabu chake cha mwaka 1903. Bwana huyo naye alipata kuwa mpishi wa jeshi. Katika vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 alizingirwa pamoja na wenzake mjini Metz, akalazimika kupika hata nyama ya farasi. Baadaye aligawa kazi za jiko kwa vyeo na zamu, mithili ya kikosi.

Kwa askari 12, chukua kilo 3 za nyama, uikate vipande vinene, uifute maji na kuitia chumvi. Ikaange kidogo kidogo katika mafuta ya moto hadi iwe rangi ya kahawia. Usiijaze sufuria, maana itachemka badala ya kukaangika. Itoe, kisha kaanga vitunguu maji 4, karoti 6 na vitunguu saumu. Nyunyizia vijiko 4 vya unga wa ngano, ukoroge. Mimina chupa 2 za mvinyo mwekundu na supu ya mifupa, ukikwangua kilichoganda chini. Rudisha nyama, funika, na uache itokote polepole kwa saa 3. Uyoga utiwe katika nusu saa ya mwisho. Huliwa kwa viazi, wali au ugali.

Ikumbukwe kwamba kikosi kina watu wa dini mbalimbali. Kileo hakitoki chote motoni, hata baada ya saa nyingi. Kwa hiyo si haki kumwambia asiyetumia kwamba kimekwisha kuruka. Wafaransa pia hutia nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Chakula hakipungukiwi kitu ikiachwa. Yafaa ipikwe sufuria ya pili, tena safi, kwa supu, nyanya na maji ya ukwaju. Uchachu utapatikana, na kila mtu atakula kwa amani ya moyo.

Hatari kubwa huja baada ya chakula. Mchuzi mwingi ukiachwa usiku kucha katika sufuria kubwa hupoa polepole mno. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye mbegu zake hustahimili hata kuchemshwa, huzaliana humo kwa wingi. Kesho yake kombania nzima yaweza kushikwa na msokoto wa tumbo na kuhara, na lindo likakosa watu. Kwa hiyo, mabaki yagawanywe mara moja katika vyombo vipana, yapoe upesi, yatiwe katika jokofu, na yachemshwe sawasawa kabla ya kuliwa. Pasipo na jokofu, ipikwe ya kumalizika siku hiyo hiyo.

Neno la mwisho ni kwa wakuu wa vikosi. Chakula kikitakiwa saa moja jioni, mpishi na awe na nyama na kuni zake kabla ya saa tisa alasiri. Nyama ikimfikia saa kumi na moja, asilaumiwe mpishi.